Gari Liko Mlangoni, Karatasi Ziko Wapi?

Mteja akituuliza kama kununua gari mtandaoni ni salama, humwomba kwanza atazame yaliyoikuta Carvana ya Marekani.

Kampuni hiyo ilianza mwaka wa 2012 huko Arizona. Unachagua gari kwenye simu, unalipa au unachukua mkopo, linaletwa hadi kwako, na una siku 7 za kulirudisha lisipokufaa. Mwaka wa 2015 ilijenga mnara wa vioo mjini Nashville. Mteja anatumbukiza sarafu kubwa na mitambo inamshushia gari lake. Korona ilipowafungia watu majumbani mauzo yakapaa, na Agosti 2021 hisa moja ikafika dola 370.

Lakini hati za umiliki hazikwenda kwa kasi ya magari. Kila jimbo lina ofisi yake na fomu zake, kwa hiyo gari lilifika mapema huku hati ikichelewa miezi, na mnunuzi akiendesha kwa kibali cha muda. Mei 2022, jimbo la Illinois lilisimamisha leseni ya kampuni hiyo ya kuuza magari. Riba ikapanda, madeni yakalemea, na kufikia Desemba hisa ilikuwa chini ya dola 4. Ilinusurika kwa kupanga upya madeni yake mwaka wa 2023.

Nairobi shida ni hiyohiyo, hasa kwa gari lililokwisha kutumika humu nchini. Picha zikikuvutia, usitume hata amana. Omba namba ya usajili, kisha utafute rekodi ya gari kupitia huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Soma majina ya wenye gari. Ukikuta benki au sacco (chama cha akiba na mikopo) kando ya muuzaji, ama mkopo haujaisha, ama umeisha na benki haijajiondoa. Vyovyote iwavyo, umiliki wa gari hauhamishwi bila benki kuridhia. Hapa ndipo wengi hunaswa: muuzaji anaahidi kumalizia deni kwa pesa zako. Ukiafiki kununua, deni lilipe mwenyewe moja kwa moja benki, udai barua ya kuthibitisha limeisha.

Ukifika kuliona, fungua boneti kabla ya kuwasha injini. Kwenye Toyota nyingi, namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Kwa mfano, kwenye Toyota Fielder nyingi za cc 1500 za kizazi cha E140, namba hiyo huanza na NZE141. Ilinganishe na rekodi, tarakimu kwa tarakimu. Pitisha kidole juu yake: ukihisi alama za tupa au kulehemu, au ukiona rangi mpya hapo peke yake, ondoka.

Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake ya huduma hizo za NTSA, nawe unaukubali kwenye yako. Salio lilipe mkiwa mmeketi pamoja na ombi tayari unaliona kwenye simu yako. "Nitakuhamishia wiki ijayo" si jibu, kwa sababu Sheria ya Trafiki inakupa siku 14 tu za kuendesha kabla hujasajiliwa. Muuzaji naye ana sababu ya kuharakisha: kifungu cha 8 kinamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Likigonga mtu Thika Road jioni hiyohiyo, ataulizwa yeye. Ndiyo maana mkataba wa mauzo uonyeshe saa ya kukabidhiana funguo, si tarehe peke yake.