Barua kwa Rehema: funga kitabu kwanza

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Hiyo sapu (mtihani wa marudio) ya anatomia imeniuma kama vile ni yangu. Ila kuna jambo kwenye ujumbe wako halijanitoka kichwani: umejaza dodoso, likakwambia wewe ni mtu wa kujifunza kwa kusikia, na sasa umeweka daftari kando, unasikiliza vipindi ulivyorekodi ukiwa kwenye daladala.

Nakuomba usiishie hapo. Dodoso la namna hiyo lililovuma sana ni la Neil Fleming, mwalimu wa New Zealand, lililotangazwa mwaka 1992. Linakuonyesha unachokipenda, na si vibaya kukijua. Lakini mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwapo, wasione ushahidi wa kutosha kwamba mtu akifundishwa kwa njia anayoipenda ndipo anaelewa zaidi. Na kweli, mzunguko wa damu moyoni utausikiliza tu mpaka ukukae? Ule ni wa kuchora.

Jaribu leo usiku. Soma ukurasa wa moyo, funga kitabu, chora vyumba vinne kwenye karatasi tupu. Anza na damu inayorudi kutoka mwilini: inaingia atria ya kulia (chumba cha juu), inapita valvu ya trikuspidi (mlango kati ya vyumba hivyo viwili), inashuka ventrikali ya kulia (chumba cha chini), inakwenda mapafuni. Endelea mpaka aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini. Ukikwama, weka alama ya kalamu nyekundu, na usikimbilie kufungua kitabu, hangaika kwanza. Alama hizo zitakueleza habari zako kuliko dodoso lolote.

Kurudia kusoma kunadanganya. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walijaribu jambo hili kwa wanafunzi: baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza; baada ya wiki moja, waliojikumbusha bila kutazama maandishi ndio waliokumbuka zaidi. Na mtihani wako hauji baada ya dakika tano.

Halafu nakujua. Kule sekondari ulitueleza osmosisi kwa kipande cha kiazi na chumvi, tukaelewa sote, na wewe hukuisahau tena. Notisi zenu ni za Kiingereza, na mtu anaweza kukariri aya nzima bila kujua inasema nini. Kwenye diskasheni omba wewe ndiye ueleze, kwa Kiswahili, mpaka wenzako waishiwe maswali. Kisha ndipo ujibu pasti pepa kwa Kiingereza.

Rekodi zako usizifute. Sikiliza kidogo, simamisha, jisemee kilichofuata, halafu uendelee. Na somo moja ulirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki ijayo. Kukesha kupiga msuli usiku mmoja kuache.

Jumapili jioni nitakupigia. Nitakuuliza neva 12 za kichwani, bila mpangilio, na kila moja inafanya kazi gani. Daftari liwe limefungwa.

Rafiki yako,
Zuhura