Rimu za Wafula

Nakuru, Jumapili jioni

Dada Achieng',

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, watoto wazima, mvua imeanza, na Mama Kioko bado anaidai ile sufuria yake. Najua utasema huyu akiandika kuna shida. Ndiyo, iko.

Ni pikapu yangu, ile Hilux. Unakumbuka vile ilikuwa ikiburura tumbo nikitoka Mau Narok na maziwa? Basi niliiwekea springi na shokabu mpya, ikainuka inchi 2, na kwa hilo sina lalamiko: inabeba mitungi yote bila kuketi. Halafu Wafula akaniletea rimu zake za kung'aa pamoja na tairi, eti bei ya ndugu. Tangu hapo, nikirudi nyuma nimekata usukani wote pale kwenye geti la maziwa, tairi ya mbele inasaga krrrr hadi wenye punda wanageuka. Na nikiwa na mzigo nikiingia shimo, inagusa tena, mahali pengine.

Fundi aliyeweka springi anasema dawa ni grinda tu. Akate kile kikombe cha nyuma ya gurudumu, kinachoshikilia kabini kwenye chesisi, halafu achomelee bamba. Achieng', kikombe kinachoshika kabini! Nikamwambia angoje. Ananipigia simu kila asubuhi kama mtu anayedai mahari.

Nilipaka chaki kwenye bega la tairi, Jerono akakata usukani mpaka mwisho, mimi nimelala chini na tochi. Chaki ilibaki kwenye plastiki ya ndani ya madigadi, upande wa nyuma, na kidogo kwenye ukingo wa hicho kikombe. Plastiki yenyewe imesuguliwa mpaka imekuwa laini. Springi ziko mbali kabisa na mahali hapo, sasa zinalaumiwa kwa nini?

Nikaenda kwa mzee mmoja kule Shabab. Huyo hakugusa grinda. Alitoa shokabu na springi yake, akapandisha mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu kwenye chesisi, kwa jeki hadi ukafika kwenye ile raba nyeusi ya kuuzuia, ndipo akazungusha gurudumu kushoto na kulia. Hapo ndipo mambo yalionekana. Zile inchi 2 ni za gari ikiwa imesimama. Ikizama shimoni, mkono unapanda mpaka raba ileile ya zamani, na tairi inafika palepale ilipokuwa ikifika siku zote. Tofauti ni kwamba hii ya Wafula ni 265/75R16, na ya kwanza ilikuwa 265/70R16. Kipenyo kimetoka milimita 777 hadi 804. (Spidi nayo inadanganya: ukisoma 80, wewe uko karibu 83. Wale wa kamera huko Salgaa hawatasikia hadithi ya tairi.)

Lakini kubwa ni rimu. Kwa nyuma zimepigwa chapa ET0, na zile za gari lenyewe zilikuwa ET30. ET ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungiwa kwenye gari; ikipungua, gurudumu linatoka nje. Upana ni uleule, kwa hivyo gurudumu zima limetoka nje milimita 30. Tairi ikikaa mbali na mahali inapozungukia, ukikata usukani inafagia duara kubwa zaidi, na nyuma yake kuna nini? Kikombe. Fundi wangu anataka kukata kabini ili rimu za Wafula zipate nafasi ya kutamba!

Jambo lingine, wale walionifanyia alaimenti walinyoosha tairi zikatazama mbele, wakachukua pesa. Kasta, yaani ule mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, hawakuigusa, na gari ikiinuliwa kasta hupungua. Mzee alizungusha zile bolti za mkono wa chini, gurudumu likasogea mbele kidogo. Sasa kidole changu kinapita kati ya tairi na kikombe. Plastiki akaipasha moto akaisukuma ndani. Nikirudi nyuma getini, kimya. Mlio wa shimoni ndio umebaki, ukingo wa nje bado unalamba madigadi nikiwa nimejaza, na huo hauishi mpaka rimu zitoke. Kuna anayesema tupunguze mzunguko wa usukani. Pale getini nitageukia wapi, hewani?

Kwa hivyo naomba shemeji anipitie sokoni Kibuye. Natafuta rimu 4 za Hilux za chuma, inchi 16, matundu 6, ET30. Azigeuze asome chapa mwenyewe, asiambiwe kwa mdomo, na aziviringishe chini aone kama zimepinda. Tairi nitarudia saizi ya zamani, hizi Wafula atajijua nazo. Mwambie shemeji asimpigie Wafula kwanza, maana huyo atakuja hapa na maneno mengi na atataka chai.

Je, bei huko zikoje siku hizi? Nitume kwa M-Pesa yako au yake? Zinaweza kupakiwa kwenye matatu ya usiku, au unamjua mtu anayekuja Nakuru wiki hii? Na ile Probox yenu mliyosema mtaiinua, mmeshaweka springi au bado? Rimu zake mmenunua kwa nani? Usiniambie ni Wafula.

Nipigie kabla ya Jumatano, ndio siku fundi anasema atakuja na grinda yake hapa nyumbani.

Wako,
Chepkoech