Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Aliyebaki na Chombo Asibaki Peke Yake

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zetu mliokuja kushika nafasi za waume zenu waliotangulia: karibuni nyote kwenye mkutano wa chama chetu cha wavuvi. Waliotoka Kizingitini, Faza na Mkokoni nawashukuru zaidi, maana wameanza safari kabla ya alfajiri. Nitasema kwa urefu juu ya jambo moja: mvuvi anayebaki mwenzake wa chombo anapokufa. Mengine nitayapitia upesi, kwani katibu na mhazini wameyaandika yote na nakala ziko mezani.

Mwaka huu tumezika wanachama watano. Majina yao yamesomwa kwenye dua ya ufunguzi. Watatu walikuwa manahodha, mmoja mzamiaji wa kamba-mawe, na mmoja msukaji wa malema, mitego ya samaki, ambaye kazi ya mikono yake ingali majini hadi leo. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira watu wao. Kila msiba chama kilifika, hitima zikasomwa, rambirambi zikatolewa kama katiba yetu inavyoagiza. Hapo hatuna deni.

Lakini kila mmoja wao ameacha mtu wa pili ambaye katiba yetu haimtaji. Mjane tunamjua. Watu huingia nyumbani kwake, humwambia makiwa, hukaa naye, na eda yake ina siku zinazojulikana. Yule aliyevua na marehemu tangu ujana hupewa mkono makaburini kama waombolezaji wengine, kisha hurudi pwani kukitazama chombo asichoweza kukisukuma majini peke yake. Hakuna anayemuuliza kitu ila samaki wako wapi.

Nimewasikiliza hawa waliobaki, barazani na majumbani kwao, na wote wamenieleza jambo ambalo sasa naliona ndilo kiini cha kazi ya chama hiki. Chukueni mfano wa mzee wetu mmoja. Macho yake yalianza kuingia mtoto wa jicho zamani, wala hakuna aliyejua, kwa sababu mwenzake ndiye aliyekaa omo, mbele ya chombo, akisoma maji: paliponawiri weupe ni mchanga, palipoingia weusi ni mwamba. Yeye alikuwa tezi, nyuma ya chombo, kashika shikio la kukiongozea, mikono ingali na nguvu. Mwenzake naye magoti yalikuwa yamekwisha, hawezi tena kuruka majini kukizuia chombo kisipande mwamba, ila macho yake makali. Wawili hao walikuwa mvuvi mmoja aliyekamilika. Siku mmoja alipozikwa, mji mzima ukagundua kuwa aliyebaki haoni. Uzee wake haukuanza siku hiyo. Ulikuwa umebebwa na mtu mwingine.

Ndiyo maana naomba tusiseme, kama ninavyosikia ikisemwa, kwamba fulani "amevunjika moyo" tangu mwenzake afe. Moyo ndiyo, umeumia. Lakini amepoteza pia macho, au masikio, au mgongo, au ule ujuzi wa jiwe fulani lililokuwa kichwani mwa mwenzake na halikuandikwa popote. Mtu akipoteza vyote hivyo kwa siku moja, kumwambia apumzike nyumbani ni rahisi. Kumtafutia njia ya kuendelea kwa kadiri ya mwili wake ni kazi, na hiyo ndiyo kazi niliyoisukuma mwaka huu.

Tulianza na kuwaunganisha waliobaki. Palipofanikiwa zaidi ni pale tulipowakutanisha wazee wawili waliofiwa, wote wawili wenye kujua maji yaleyale. Hawahitaji kufundishana. Mmoja akitazama minara ya Shela na mwingine akitazama ncha ya Manda, wanajua wamefika. Na mazungumzo yao chomboni ni dawa. Wanawataja marehemu wao bila kuona haya.

Kuwaunganisha wazee na vijana kumekuwa kugumu zaidi, nami nitasema kwa nini. Kijana ana boti ya faiba na injini, ana deni la petroli kwa tajiri, anataka afike, avue, arudi. Mzee amezoea kutweka tanga na kungoja maji. Kijana akimwona mzee anachelewa kupanda chomboni, hasemi, lakini siku ya pili hampitii. Kamati imeona suluhu iko kwenye mgao. Pale walipokubaliana kabla ya kutoka kwamba mzee ana fungu lake kwa kuonyesha mahali na wakati, hata kama hakuvuta wavu, mambo yamekwenda vizuri. Pale palipoachwa kwa hisani ya kijana, mzee alijiona anakula sadaka, akaacha. Naomba wenye boti mlio hapa mlichukulie hili kwa uzito. Mtu anayekuelekeza mahali samaki wa changu walipo kipindi cha upepo wa matlai amekuokolea petroli ya siku nzima, na hiyo ina thamani yake.

Sasa juu ya mwili wenyewe, na hapa naomba tuzungumze kama wanaume waliokwisha kuona mengi.

Kusi likivuma, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari ya nje si yetu tena. Wengi wenu mmekubali, na nimefurahi kuona malema na mishipi ikihamia ndani, katika mlango-bahari wa Mkanda na vijito vya mikoko, ambako kuna kaa na tafi, na mtu akichoka anaweza kutia nanga na kukaa kivulini. Kaskazi ikilainika, maji yakiwa meupe, kutoka hadi kisiwa cha Manda Toto kunawezekana kwa wawili wenye afya. Hii ndiyo kalenda ninayoipendekeza kwa aliyepita miaka sitini.

Chomboni, mambo madogo yamesaidia kuliko nilivyotarajia. Kapi, gurudumu la kuvutia kamba, iliyofungwa kwenye mhimili wa mti imewarudisha kazini wawili waliokuwa wameshindwa kuvuta malema kwa mgongo. Mshipi mnene kidogo haukati vidole vilivyokwisha kukakamaa kwa baridi yabisi. Ndoana zenye tundu kubwa zinavalika hata kwa macho hafifu, na ngazi ya kamba ubavuni imemwezesha mzee kurudi chomboni bila kuvutwa kwa kikoi. Viatu vya raba kila anayetembea mwambani avae, na mwenye sukari asitoke kabisa bila hivyo. Miguu yenye ganzi haisikii mwiba wala tumbawe, na kidonda kidogo cha mguu kwa mgonjwa wa sukari kinaweza kuishia kukatwa.

Dawa za presha zimenisumbua sana mwaka huu. Baadhi yenu mna vidonge vinavyomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na mnaviacha siku za kwenda baharini kwa kuona taabu. Wengine mnavimeza lakini mnajizuia kunywa maji. Vyote viwili ni hatari. Kiu ya mtu mzima huja imechelewa. Mwili umekauka kabla koo haijajua, na ukisimama ghafla kichwa kinazunguka, nawe uko ukingoni mwa chombo. Mwulizeni daktari saa ya kuvimeza siku ya safari. Msijipangie wenyewe.

Wazamiaji nawasemea peke yao. Kizingitini na Faza mnajua kazi ya kamba: pumzi yako tu, pweza kwenye kijiti umtishe kamba atoke pangoni, wavu mdogo mkononi. Ni uwindaji wa ana kwa ana, na ndiyo sababu mtu haukubali mwisho wake kirahisi. Tulipompoteza mzamiaji wetu, mwenzake alirudi majini baada ya arubaini akizamia peke yake, mpaka tulipomwendea. Nawaomba: hakuna kuzamia bila mtu juu. Mmoja chini, mmoja juu, na aliye juu asigeuze macho hata mwenzake akishatoa kichwa, maana kuzimia kwingi hutokea karibu na uso wa maji au punde tu baada ya kuibuka. Ile tabia ya kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama iachwe. Haiongezi hewa ya maana. Inaiondoa ile hali inayokuambia kwamba pumzi imekwisha, nawe unalala chini bila onyo. Mwenye mafua asizame, masikio hayatafunguka. Na ambaye ngoma ya sikio imekwisha kupasuka, aje tuzungumze. Mwamba wa pweza wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, unampokea mtu yeyote anayeweza kutembea, kijiti mkononi na maji ya magotini. Kisiwani Pate wameonyesha kwamba mwamba wa pweza ukifungwa miezi michache, pweza hurudi wakubwa, kwa kuwa hukua haraka na maisha yake ni mafupi. Kazi ya kulinda mwamba uliofungwa inawafaa wazee kuliko mtu mwingine, nasi tumeanza kuzungumza na kamati za ufukwe juu yake.

Jaketi za kujiokolea tulizogawa nyingi bado zimening'inia ukutani. Nimeambiwa ni za watalii. Kaka zangu, zivaeni.

Kuhusu afya na fedha: tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imepisha SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya jamii, na wanachama wengi sasa wamesajiliwa, waliobaki wamwone katibu leo wakiwa na kitambulisho. Waliotimiza miaka 70 wanastahili shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee. Mwenye miaka hiyo na hajaandikishwa asione haya kusema.

Mirathi imechukua muda mwingi wa kamati kuliko nilivyodhani ingekuwa. Vyombo vyetu vingi ni vya wawili, nusu kwa nusu, na makubaliano ni ya mdomo. Mmoja akifa, nusu yake ni ya warithi: mjane ana fungu lake, watoto wana mafungu yao. Aliyebaki hawezi kununua nusu hiyo kwa mara moja, warithi hawawezi kukaa bila kitu, na chombo kinakaukia pwani hadi kalafati ya kuzibia nyufa inaachia mbaoni. Tumepatanisha kwa njia hii: chombo kinaendelea kutoka, na kila mgao fungu la chombo linagawanywa, nusu inakwenda nyumbani kwa marehemu hadi thamani iliyokubaliwa itimie. Palipokuwa na mvutano tumewaelekeza kwa Kadhi, ambaye ana mamlaka ya mirathi yetu. Nawasihi wote mwenye chombo cha shirika aandike mwaka huu, kwa mashahidi wawili: chombo cha nani, nyavu za nani, injini imelipwa kiasi gani, na deni la tajiri liko kwa nani. Wajane wawili wameletewa madeni ambayo hakuna mtu hai anayeweza kuyathibitisha wala kuyakana. Hilo linaniuma.

Juu ya bandari kubwa mpya ya Lamu sitarudia yote tuliyoyasema miaka mingi. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 pale Kililana, na Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kusema mwaka 2018 kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ninalotaka liingie kwenye kumbukumbu za mkutano huu ni kwamba maji ya ndani ndiyo maji ya wazee. Kijana akizuiwa kupita njia ya meli, anatia petroli anakwenda nje. Mzee hana pa kwenda. Kwa hiyo kila kikao tunachoitwa, iwe na serikali ya kaunti au na wasimamizi wa bandari, ujumbe wetu uwe na mtu aliyevuka sabini, aseme mwenyewe. Na warithi wa walioandikishwa kwenye orodha ya fidia wahifadhi cheti cha kifo na karatasi za Kadhi mahali pamoja.

Yapo mapendekezo matatu ya kupigiwa kura. Kwanza, katiba imtaje mwenza wa chombo: apewe rambirambi yake, na kamati imtembelee baada ya arubaini kuzungumza naye juu ya kazi, si kumpa pole tu. Pili, kila bandari ndogo iwe na ubao, na anayetoka aandike au aandikiwe jina lake, anakoelekea, na maji anayotarajia kurudi nayo. Aliyepita sitini asivuke mlango wa Shela peke yake. Tatu, sehemu ya akiba yetu inunue kapi na ngazi za kamba, tukianza na waliofiwa.

Pendekezo la pili najua lina wapinzani, na baadhi yao ni manahodha walionifundisha mimi kushika shikio. Nimewasikia wakisema chama kinawafunga kamba. Nawaheshimu, na bado naliunga mkono.

Katibu ataanza na pendekezo la kwanza, kisha mhazini atasoma hesabu. Naomba tumalize kura kabla ya adhuhuri, maana wanaorudi Faza na Kizingitini lazima waupite Mkanda kabla maji hayajakauka.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti
Lamu