Kwa Mama Kulwa, kuhusu mayai yaliyokataa kuanguliwa

Igoma, Mwanza
19 Aprili

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu nyingi kutoka huku Igoma. Sisi ni wazima, na masika yanaendelea kutunyeshea karibu kila alasiri. Barua yako niliisoma mara mbili na mara zote mbili niliumia, kwa kuwa naujua uchungu wa kuhesabu siku 21, ukiamka usiku kugeuza mayai, halafu katika mayai 60 ukapata vifaranga 14 tu.

Umesema umeamua kuirudisha mashine ya kutotolesha kwa seremala aliyekutengenezea. Nakuomba usiirudishe kwanza. Umefanya jambo ambalo wengi wetu tunalikwepa kwa sababu ya harufu: kabla ya kuyafukia mayai 46 yaliyobaki, uliyapasua moja baada ya jingine ukaandika ulichokiona. Maelezo yako yamenitosha kuona kwamba sanduku lenyewe halina ubaya, ila maji na kipimajoto havikuwekwa inavyotakiwa.

Nianze na yale 30 yaliyokuwa na vifaranga kamili, maana hapo ndipo hasara yako kubwa ilipo. Umeandika kwamba walikuwa na manyoya, wamevimba na kulowa, na kwamba chumba cha hewa kwenye upande butu wa yai kilikuwa kidogo mno. Ganda la yai lina vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na kupitia vitundu hivyo yai hupoteza maji kidogo kidogo siku zote za kuatamiwa, hata kufikia siku ya 18 liwe limepungukiwa asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake. Nafasi inayoachwa na maji hayo ndiyo chumba cha hewa, na humo ndimo kifaranga anamopenyeza mdomo na kuvuta pumzi yake ya kwanza kabla hajalitoboa ganda. Yai lisipopoteza maji ya kutosha, kifaranga hukua mpaka mwisho, kisha hukosa hewa na hufia mlangoni. Wewe ulijaza mabakuli mawili ya maji tangu siku ya kwanza kwa sababu uliambiwa unyevu mwingi ni salama. Ushauri huo ungeweza kumfaa mtu wa Dodoma wakati wa kiangazi, lakini wewe uko Nansio, ziwa limekuzunguka, na ulitotolesha katikati ya mvua. Hewa ya chumba chako tayari ilikuwa na maji mengi kabla hujaongeza hata tone.

Kosa la pili nimeliona katika sentensi uliyoiandika kwa kupita tu, kwamba wale 14 walitoka siku ya 22 na ya 23, matumbo yao yakiwa makubwa na laini. Vifaranga wanaochelewa kwa namna hiyo kwa kawaida wameatamiwa katika joto pungufu, na joto likipungua huwadhoofisha hata wale wanaofia ndani siku za mwisho. Sanduku lako halina feni, kwa hiyo hewa ya moto hupanda na kukaa juu, nawe kipimajoto umekitundika chini kidogo ya kifuniko, karibu na balbu. Kilikuwa kinakusomea joto la kifuniko, ilhali mayai yalikuwa chini kwenye ubaridi. Kishushe mpaka kilingane na migongo ya mayai, na hapo kisome kati ya nyuzi 38.3 na 38.9. Zile nyuzi 37.5 unazozisikia kila mahali ni za mashine zenye feni inayosambaza joto sawasawa. Kabla ya hayo, kihakiki chenyewe: kitie pamoja na kile cha kupimia homa katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, uone kama vinakubaliana. Changu kilikuwa kimepotoka kwa nyuzi moja nzima, nami nilikiamini mwaka mzima.

Sasa nikueleze yangu, usije ukakimbilia upande wa pili kama nilivyofanya mimi. Julai iliyopita, baada ya kupoteza vifaranga kwa unyevu uliozidi, nililiacha bakuli likauka kabisa. Siku ya 20 niliwasikia wakilia ndani ya maganda, na kwa huruma nikawa nafungua sanduku kila baada ya muda mfupi ili niwasaidie. Kila nilipofungua, unyevu kidogo uliokuwamo ulitoka, na ule utando wa ndani ukakauka ukawabana mabawa wasiweze kugeuka. Tisa walikufa wakiwa wameshatoboa ganda. Sauti zao bado nazikumbuka, na tangu siku hiyo, baada ya siku ya 18, mkono wangu haugusi kifuniko mpaka waliotoka wakauke.

Kwa hiyo tafuta kipima unyevu. Vipo vidogo vya bei nafuu. Nacho kihakiki: weka chumvi iliyoloweshwa kidogo tu kwenye kizibo cha chupa, ukifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, na kesho yake kinapaswa kusoma asilimia 75. Siku 18 za mwanzo shikilia asilimia 45 hadi 55, hata kama masika yatakulazimu kuondoa maji yote; siku tatu za mwisho acha kugeuza mayai na upandishe mpaka 65 au 70.

Mizani ya jikoni itakusaidia kuliko kipimo chochote. Chagua mayai kumi, uandike uzito wa kila moja kwa penseli juu ya ganda lake. Kama yote kumi yana gramu 450, siku ya 7 yanapaswa kuwa karibu 430, na siku ya 18 kati ya 390 na 400. Yakiwa mazito zaidi, punguza maji; yakiwa mepesi zaidi, ongeza. Likitokea la kuondolewa ulipoyamulika kwa tochi kuona kama yanakua, toa uzito wake katika hesabu.

Yale 11 yasiyo na mbegu hayahusiani na mashine. Muulize jirani aliyekuuzia ana mitetea mingapi kwa jogoo mmoja. Wakizidi kumi, hapo pana shida. Matano yenye duara la damu, yaani yaliyoanza kukua yakafa mapema, nayashuku kwa sababu uliyakusanya majuma mawili, na mengine yalivuka ziwa kutoka huku. Usizidishe siku saba, na yaliyosafiri yapumzishe siku nzima, ncha ikitazama chini, kabla ya kuyaingiza.

Jumamosi nitampa mdogo wangu kipimajoto changu cha pili, ambacho nimeshakihakiki, akipande nacho kivuko hadi kwako. Ukishaingiza mayai mapya, niandikie uzito wa siku ya 7 mara tu utakapoupata, tuangalie pamoja kama maji yapunguzwe au yabaki.

Wasalimie Kulwa na Doto.

Ni mimi rafiki yako wa Igoma.