Akina Thomson na ile herufi p

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Orodha yako ya akina Thomson, wale watu mashuhuri wenye jina hilo, nimeisoma yote. Kabla hujaibandika maktabani, irekebishe hivi.

Kwanza ile p. Thomson ni "mwana wa Thom", kama vile kusema bin Tomasi, na th yake husomwa t tupu. Tamka m kisha s upesi: midomo ikiachana, kijisauti cha p huponyoka. Ndicho kilichoingia kwenye maandishi, Waingereza wengi wakaandika Thompson na Waskoti wengi wakabaki na Thomson. Sikio halitakusaidia kuwatenganisha, hivyo nakili herufi kwa herufi. Katika alfabeti, Thompson hutangulia.

Kosa kubwa liko kwa Joseph. Umewaunganisha watu wawili, na ni rahisi kuponzwa hapo, maana wameachana miaka miwili tu. J. J. Thomson ni Joseph John, mzaliwa wa Manchester, 1856, aliyegundua elektroni, chembe ndogo iliyomo ndani ya atomu, mwaka 1897 na kupata Nobel ya fizikia 1906. Yule msafiri ni Joseph Thomson, Mskoti wa 1858, aliyekatiza nchi ya Wamaasai 1883 hadi 1884 na kufariki London 1895 akiwa na miaka 37, umri mdogo mno kwa njia ndefu aliyotembea. Maporomoko ya Nyahururu nchini Kenya, yenye urefu wa mita 74, yalipewa jina lake, na vitabu vya zamani huuita hata mji Thomson's Falls. Swala tomi naye ana jina lake, kama swala granti alivyo na jina la msafiri James Grant. Kwa jina la kisayansi andika Eudorcas thomsonii: t ndogo, i mbili, p hakuna.

Mwanafizikia William Thomson, aliyezaliwa Belfast 1824, muweke pia chini ya K, kwa kuwa tangu 1892 alikuwa Lord Kelvin, cheo kilichotokana na mto Kelvin wa Glasgow. Kipimo cha halijoto chenye jina lake, kelvin, huandikwa mfano 273.15 K, bila kile kiduara cha nyuzi.

Undugu andika mmoja tu: George Paget Thomson, Nobel 1937, ni mwana wa J. J. Baba alionyesha elektroni ni chembe. Mwana akaonyesha inaenda kama wimbi. Hilo lipe mistari miwili kamili, wanafunzi wataling'ang'ania. Wengine usiwaunganishe, maana akina Thom walikuwa wengi na kila mmoja alizaa ukoo wake.

Nitumie nakala mpya niipitie tena.

Rafiki yako,
Zuhura