Kalamu ya babu aliyekuwa KAR: kabla hujaitia maji ya moto

Juzi mama mmoja alituletea kalamu ya wino aliyoifunga kwenye leso. Ya marehemu baba yake, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki) aliyepelekwa vitani Burma, sasa Myanmar, mwaka 1944. Anataka iandike tena. Kwa bahati mbaya kijana wake alikuwa ameshaitumbukiza kwenye maji ya moto ili wino ulioganda uyeyuke, na mwili wake uliokuwa mweusi tii umegeuka kahawia.

Kalamu nyingi za zamani ni za ebonaiti, yaani mpira mgumu uliopikwa na salfa. Jua huifubaza taratibu. Maji ya moto huifubaza mara moja. Tafadhali, tumia maji baridi, na uloweke upande wa nibu, yaani ncha ya kuandikia, tu.

Ndani, chini ya kile kijiti cha ubavuni, mna kipira, yaani kifuko cha mpira cha kuwekea wino. Ukiinua kijiti kipira kinabanwa. Ukikiachia kinafyonza wino. Baada ya miaka 80 kipira huwa kimekauka na kuvunjika kama ganda la yai, kwa hiyo usikilazimishe kijiti. Sisi tunakwangua mabaki, tunapima, tunaweka kipira kipya kwa gundi inayoachia ikipashwa joto kidogo, ili fundi wa baadaye naye aweze kufungua.

Ukikuta kichumba kidogo mkiani mwa kalamu, usikitupe. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia kampuni ya Parker ilitengeneza kalamu za wanajeshi wa mahandakini zenye vidonge vya wino humo: kidonge, maji kidogo, barua inaandikwa.

Mama alikuja pia na barua moja. Kikosi cha Afrika Mashariki kilishuka bonde la Kabaw, huko Burma, katikati ya masika, na karatasi hiyo ililowa mahali fulani. Rangi ya buluu imetoweka, lakini mistari myeusi ipo, na “salamu nyingi” inasomeka. Huo ni wino wa buluu-nyeusi, wenye chumvi ya chuma na tanini: weusi wake huingia ndani ya nyuzi za karatasi, maji hayautoi. Barua kama hiyo usiipige laminesheni kamwe. Ilaze bapa gizani, kati ya karatasi safi nyeupe.

Wino huo una asidi inayokula nibu za chuma. Ya mzee ni dhahabu, imebaki nzima. Kukagua kalamu hatutozi. Ya mama itakuwa tayari Ijumaa, na ametuomba tuijaze buluu-nyeusi.