Mashine ya mkojo ituvukie ziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo sisi wanaume wa visiwani tunanong'onezana tu: mkojo kutoka kwa kusuasua.

Nanunua dagaa Ukerewe na kuuza Kirumba, Mwanza. Tangu nivuke miaka 60 tezi dume inanisumbua. Usiku silali, na nikisimama kujisaidia nasubiri weee. Nikaandikiwa kwenda mjini kupimwa kasi ya mkojo. Nimevuka na meli, nikanywa maji hadi kibofu kikajaa, nikaingizwa kwenye chumba chenye faneli juu ya mashine. Mlango haufungi, nje foleni, mtu anagonga. Zikatoka mililita 90. Muuguzi akasema haitoshi, inatakiwa walau 150, nirudi siku nyingine. Nauli na gesti juu yangu, dagaa nimewaacha wameanikwa na mvua inanukia!

Kwa nini tusipimiwe nyumbani? Huko nje wapo wanaume wanaopewa kifaa kidogo cha kukojolea, kinapima kila haja na kumtumia daktari majibu kwa simu. Zipo hata programu za simu zinazosikiliza mlio wa mkojo ukiangukia maji ya choo (kwa vyoo vyetu vya shimo, hiyo tusahau). Mkojo wa alfajiri si wa jioni, na wa nyumbani si wa kugongewa mlango. Daktari akiona vipimo vya siku kadhaa anapata picha halisi.

Kwa sasa tabibu wa zahanati yetu kanielekeza nitumie jagi lenye alama za mililita, saa ya simu na daftari. Jagi mke wangu kalichora msalaba mwekundu, maana linafanana na la uji. Juzi usiku: mililita 210, sekunde 42, yaani 5 kwa sekunde. Tabibu kanionya kwamba huo ni wastani, nisiulinganishe na kasi ya juu inayosomwa na mashine, ambayo madaktari hupenda ivuke 15. Tena mkojo hafifu pekee hausemi kama njia imebanwa na tezi au kibofu ndicho kimechoka. Na aliyezibwa kabisa, asipate hata tone, aachane na jagi, akimbizwe hospitali.

Naiomba Wizara ya Afya na halmashauri zetu ziweke vifaa hivyo wilayani, vya kuazima. Mgonjwa akae nacho wiki, akirudishe, kisafishwe, apewe mwenzake. Majibu yatangulie kwa mtaalamu Mwanza, sisi tuvuke tukiitwa. Mtandao upo, bei ya dagaa tunaipata kila asubuhi kwa simu hizi hizi.

Mchuuzi wa dagaa,
Nansio, Ukerewe